Maji Yamefika Wapi

Mke wangu ni mratibu. Ukimuuliza anaratibu nini, atakwambia mpango wa pamoja wa tabianchi. Ukiniuliza mimi, nitakwambia anabembeleza watu wazima. Wizara inaingoja halmashauri ya jiji, halmashauri inakingoja kiwanda, kiwanda kinaingoja wizara, naye anazunguka kati yao, simu sikioni, hadi chakula kinapoa mezani. Chakula nilichopika mimi, tuelewane.

Tangu mvua zilipoacha adabu, kila zikinyesha anampigia mama yake, anayeishi mtaa wa bondeni: "Mama, maji yamefika wapi?" Mwaka juzi yalifika kizingitini. Mwaka jana, kitandani.

Safari hii aliwaweza. Wizara ilichimba mfereji kutoka mlimani, jiji likaupitisha mitaani, kiwanda kikachimba kipande cha kwenda mtoni. Kila mmoja alifika mwisho wa ramani yake, akakusanya majembe. Tulipokwenda kuutazama, tukakuta kichochoro kimoja hakimo kwenye ramani ya yeyote. Mfereji wa jiji uliishia upande huu, wa kiwanda ukaanzia upande ule, na katikati ulikuwa mlango wa mama mkwe. Maji ya mlima mzima yangemwagikia kwake.

"Liseme kikaoni," nikamwambia.

"Watasema navutia kwetu."

"Kwani mama si raia?"

Siku zile hakula vizuri, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia.

Siku ya kikao nilimpelekea chakula, nikamsikia kupitia mlango uliokuwa wazi. "Nyumba iliyo kwenye pengo hili ni ya mama yangu. Nikibaki, mtaamua kwa kunionea haya. Natoka." Mtu ambaye hatoki kikaoni hata kwenda msalani alifunga mlango, akaja kukaa nami kwenye benchi. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaushika.

Mlango ulipofunguliwa, mhandisi wa wizara na meneja wa kiwanda walikuwa wanabishana nani alete mabomba na nani saruji. Mtu wa jiji alishawapigia mafundi wake. "Mama, kesho tunaanza," akamwambia mke wangu. Hakuna aliyewabembeleza.

Mvua kubwa ilikuja asubuhi moja, mfereji ukiwa umeshaunganishwa, nasi tukiwa mezani. Akapiga simu, akaiweka katikati yetu nami nisikie.

"Mama, maji yamefika wapi?"

"Yamepita tu hapo nje, mwanangu. Hata hodi hayakupiga."