Matusi Yangu Yamefika Ulaya

Siku wimbo wa wajukuu zangu ulipofika Samuye nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Redio ya mwenye mashine ikalia, nikaujua kabla hawajafungua mdomo vizuri.

"Hao ni wangu!" nikapiga kelele, debe la mahindi kichwani. "Na wimbo wenyewe nimewaimbia mimi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akajishika mbavu. "Tumekusikia, mama. Na ya mkweo tumeyasikia."

Hapo ndipo maneno yaliponiingia. Nikalitua debe.

Kwetu wakizaliwa mapacha, wanawake tunaizunguka nyumba tukiimba matusi mazito, ya nguoni, tunawataja wakwe bila kuwaficha. Siku ile tu aibu inafunguliwa. Ngoma ikiisha, mdomo unafungwa. Wangu haukufungika. Mapacha wale wa binti yangu walikuwa na kilio cha kutoboa bati, na hakuna kilichowanyamazisha ila wimbo ule, basi nikawa nawaimbia polepole, mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

Wamekulia Ngokolo, mjini, Kisukuma chao kinaishia kwenye salamu. Wakauchukua, wakautia magitaa. Ukapigwa Nairobi, ukapigwa Afrika Kusini, na sasa Wazungu wanakata mauno kwenye simu huku wakitaja viungo vya mkwe wangu. Mtangazaji mmoja aliwauliza maana yake. Wakamjibu, "Ni mapenzi ya bibi."

Mwezi uliopita wakaja kwangu na mpiga picha. Baba yao naye akatoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, huko Kharumwa, kuja kuwaona. Mkwe wangu huyu hajawahi kula mbele yangu. Tunasalimiana kila mtu akitazama upande wake. Siku hiyo wakamweka kwenye kigoda, uani, karibu nami.

"Bibi, imba kidogo tu. Watu wa nje wanataka kukuona."

"Nina kikohozi."

"Muongo! Asubuhi umetusema kwa ajili ya suruali hadi jua likapanda, hukukohoa hata mara moja."

Mkwe aliinama, anachora chini kwa kijiti. Maneno ya wimbo anayajua, Msukuma yule. Nikiimba mbele yake, nyumba ya binti yangu nitaipita kwa mbali mpaka nizikwe.

Nikawavuta wale wawili jikoni, nikawaambia maana ya wimbo, neno kwa neno. Bibi na wajukuu ni watani, hilo halikatazwi. Wa kwanza alicheka hadi akakaa juu ya sufuria. Mdogo wake akaanza kulia.

"Bibi, tumeuimba ukumbini mbele ya baba. Akaja mbele, akatutunza noti!"

Mungu wangu. Yule mtu alisimama mbele ya watu, akatunza matusi yake mwenyewe, kwa kuwa ni watoto wake wanaimba.

"Sasa tufanyeje? Wiki ijayo tunaondoka kwenda Ulaya."

"Nendeni mkaimbe. Huko sina mkwe."

Tulipotoka, kigoda kilikuwa kitupu. Binti yangu akasema mumewe ameaga, amewahi kunywesha ng'ombe.

Ng'ombe! Mtu wa maduara yule hana hata mbuzi. Nikakaa palepale, khanga nimeivuta mpaka usoni, na mpiga picha akaniuliza kama sasa niko tayari.