Nadharia Yangu ya Upanga wa Mjapani Ilimtenga Papa na Kaka Yake

Admin, nifichie jina, maana Kisangani bado tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwalimu, mama wa watoto wanne. Kisa changu kitaonekana cha kitoto mwanzoni, lakini nimekibeba peke yangu miaka arobaini na nimechoka.

Sisi ni Waislamu wenye asili ya Maniema, tuliishi mtaa wa Kabondo. Baba yangu tulimwita Papa, na kwa kaka yake, tuliyemwita Papa Mukubwa, kulikuwa na upanga wa babu wa babu yetu aliyekuja na misafara ya pwani. Kila Maulidi ulitolewa na kupakwa mafuta, kisha Papa Mukubwa akaweka mkono kwenye mpini na kutaja majina ya wazee wetu hadi yule wa kwanza. Zilikuwa enzi za Zaïre, tulipoambiwa tutupe majina ya Kizungu turudi kwa mababu. Mwenye babu na upanga wake alitembea kifua mbele, na Papa Mukubwa alitembea hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma lycée, yaani sekondari, na ugonjwa wangu ulikuwa vitabu. Jirani aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi aliniletea vitabu vinne vya picha vilivyoachwa na mgeni mmoja, hadithi ya Kijapani iliyoandikwa kwa Kifaransa. Siku hizi watoto wanaita manga. Shujaa alirithi upanga wa baba yake, na kabla ya kila pigano alitaja ukoo wake. Kitabu cha tano, cha mwisho, hakikupatikana, basi nikajimalizia mwenyewe. Niliona alama ya kwenye ala ya upanga haifanani na alama ya kwenye nguo za familia yake. Tena ukurasa mmoja ulimwonyesha baba yake akiwa kijana, anatembea nyuma ya mtu mwingine, kaushika upanga uleule kwa mikono miwili, namna unavyoshika kitu cha watu. Nilijiona nina akili kuliko aliyeichora.

Siku ya Maulidi tulikuwa uani kwa Papa Mukubwa, mimi na mabinti zake, tunatwanga pondu, majani ya muhogo. Nikawasimulia ugunduzi wangu.

"Mwenye upanga alikufa na homa katika njia," niliwaambia. "Ule mwenye alikuwa anamubebea mizigo akachukua upanga, akaingia muji, akasema ni ya yeye. Batu wakaamini. Donc ule ukoo mutoto anataja, haiko ya yeye."

Nilipoinua macho, Papa Mukubwa alikuwa amesimama mlangoni. Papa alikuwa nyuma yake.

"Ile maneno, nani alikuambia?"

Hakuuliza nilikuwa nazungumza habari za nani. Ningesema tu "ni kitabu, Papa Mukubwa", lakini yeye ndiye aliyesema kila siku kwamba lycée inaharibu wasichana, na mwaka ule alishamshauri Papa anitoe. Nikaogopa. Nikaendelea kushika mchi kama mjinga.

Papa akasema taratibu, akimwita kaka yake yaya kama kawaida, "Yaya, mutoto hana kosa. Ni miye nilimuambia."

"Tuliapa mbele ya papa yetu, miye na wewe."

"Ndiyo, yaya."

"Basi beba batoto yako, uende."

Tuliondoka kabla chakula hakijaiva. Nyumbani Papa alinikalisha. "Sasa niambie. Miye sikukuambia kitu. Uliitoa wapi?" Nikamwekea vile vitabu vinne mezani. Alivisoma siku mbili, kidole chini ya kila mstari. Alipomaliza aliuliza cha tano kiko wapi, nikamjibu hakipo. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Bon. Hii, yaya hawezi kuiamini hata siku moja. Nyamaza tu, umalize masomo." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba babu yetu wa kwanza alikuwa mpagazi aliyejitwalia upanga wa bwana wake, kwamba Papa na kaka yake waliapa kuificha siri hiyo, na kwamba kwa ujinga wangu nilikuwa nimeisimulia familia yangu mwenyewe.

Nilimaliza masomo. Kila mshahara wangu umetoka kwenye uongo ule Papa aliojitwisha ili lawama isiniangukie mimi. Yeye hakuitwa tena Maulidi. Nyumba zao zilitenganishwa na mitaa mitatu, na siku za salongo, kazi ya pamoja ya usafi, walifagia mfereji mmoja bila kusalimiana. Papa alipougua alikuwa akiuliza, "Yaya hajafika?" Yaya hakufika, hata mazishini. Niliwachukia wote wawili kwa zamu, na mimi mwenyewe bila zamu.

Sasa Papa Mukubwa ana zaidi ya miaka tisini, yuko kitandani, wanawe wa kiume wote wamekufa. Wiki iliyopita alimtuma binti yake kwangu. Anataka upanga uende kwa mwanangu. Sharti ni moja. Niende Ijumaa, nisimame mbele ya familia yote, niombe msamaha kwa niaba ya ndugu yake aliyevunja kiapo. Binti yake ananiambia, "Dada, kubali tu. Mzee analia, anataka kumusamehe papa yako mbele ya kufa."

Nikiomba msamaha huo, Papa atabaki msaliti katika ukoo wetu daima, na mwanangu ataupokea upanga kwa mkono wa uongo wangu. Nikisema ukweli, mzee wa miaka tisini atajua kwamba alimfukuza ndugu yake wa pekee kwa sababu ya kitabu cha picha, na kwamba hakuna aliyevunja kiapo. Hana tena muda wa kuizoea habari hiyo. Papa alinikataza kusema alipokuwa hai. Kuhusu baada ya kufa kwake hakuniachia neno.

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane, nishaurini. Ijumaa, Papa Mukubwa atakaponyoosha mkono aseme amemsamehe Papa, niupokee msamaha ambao Papa hakuuhitaji?