Taa Inawaka, Mwenyewe Hayumo

Kadi niliyomuuzia Houda ilikuwa nzima. Naanza na hilo kwa sababu kule mtaa wa Cibitoke, kwenye kliniki ya Dokta Zénon, walikuwa wameshaanza kusema mengine. Mtu anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika hapa mtaani kwetu Buyenzi anaishi kwa neno moja tu, nalo ni «kizima». Watu wakisema mara mbili kwamba uliwapa kibovu, funga duka ukauze nyanya.

Houda ni binti wa Hamissi, fundi wa gia ambaye gereji yake iko nyuma ya duka langu. Baba yake alitaka ajifunze kushona. Yeye akakaa gerejini anasikiliza injini, kisha akahamia kwenye kompyuta, na leo anatunza seva, yaani zile kompyuta kuu, za kliniki moja, shule mbili na duka la dawa. Hana ofisi wala kibao. Ana mkoba, daftari la mistari, na kompyuta ya kubeba ambayo betri yake imechoka, haifiki dakika kumi bila umeme. Seva zake zote zinaendeshwa kwa programu iitwayo Linux, na yeye huiandikia amri kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeandika barua ya posa.

Alipokuja kununua ile kadi ya mtandao yenye matundu mawili, nilimtajia bei, akanyamaza. Nikashuka kidogo, akanyamaza. Nimefanya biashara miaka ishirini na miwili, najua mtu anayenyamaza kwa kukosa la kusema na anayenyamaza kwa makusudi. Mwisho akaniambia niifunge kwenye mashine na kuichomekea kebo mbele yake. Taa mbili za kijani zikawaka, akachukua. Kabla ya kumpa nilikwaruza alama ndogo kwa msumari chini ya kadi, maana watu hununua kizima wakarudisha kibovu cha jirani. Hilo sikumwambia.

Kazi ya matundu mawili ni hii. Seva ikiwa na kebo moja na kebo ikakatika, kliniki nzima inapofuka: maabara inaandika majibu, mapokezi hayaoni kitu. Kwa hiyo unachomeka kebo mbili zinazopita njia mbili, kisha unaiambia Linux izifunge pamoja na kuzihesabu kama moja. Wenyewe wanaita bondi. Kebo moja inafanya kazi, ya pili inangoja. Ya kwanza ikifa, ya pili inashika kabla mtu hajapepesa jicho. Houda alimwahidi Dokta kwamba majibu ya maabara hayatapotea tena.

Yakapotea wiki iyo hiyo. Siku ya Alhamisi, saa nne na dakika chache asubuhi, mapokezi yakapofuka. Ijumaa saa ile ile, Jumatatu vilevile. Kila mara walimpigia Houda simu, akaja mbio, na kila mara alipofungua tu mlango wa kliniki na kukaa, mambo yakarudi yenyewe. Akatazama seva: kebo zote mbili nzima. Linux ina ukurasa inapoandika hali ya bondi na idadi ya mara ambazo kebo imeanguka, na pale palikuwa pameandikwa sifuri. Akamwonyesha Dokta ile sifuri akidhani ni shahidi wake.

Dokta Zénon ni mtu wa maneno machache, na machache hayo yana ncha. Alimwambia mbele ya wagonjwa kwamba ama mashine inasema uongo, ama mwenye mashine.

«We ukifika inapona, ukienda inakufa,» akasema. «Mutu wa namna hiyo tunamwita nani?»

«Tunamwita muganga,» akajibu Houda.

Huku kwetu muganga ni mpiga ramli na ni daktari pia. Wagonjwa waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Dokta hakucheka. Siku iyo hiyo akamwambia sekretari wake, mama Spéciose, achape barua ya kumwachisha Houda kazi, iseme kwamba anaharibu mitambo makusudi ili aitwe kutengeneza. Nakala mbili ziende kwa wakuu wa zile shule mbili, marafiki zake. Tarehe ya kutuma, Ijumaa. Aliyasema hayo kwa sauti, na wagonjwa wakatuletea habari. Barua ile ikifika, Houda anabaki na duka la dawa peke yake, na duka la dawa nalo lina masikio.

Mimi niliitwa Jumanne, mapokezi yalipopofuka tena, nije na kadi nyingine. Nilikwenda na wasiwasi wangu. Nilijiambia, huyu binti amebadilisha kadi yangu, ameweka takataka, na yangu ameiuza. Nikaomba seva izimwe kwa dakika tano, nikaichomoa kadi, nikaigeuza. Alama yangu ya msumari ilikuwepo. Basi kadi ni yangu, na ni nzima. Lakini hilo halikumsafisha Houda, lilinisafisha mimi tu, na sikumwambia Dokta zaidi ya hapo.

Houda aliniona nikitazama ile alama. Tulipotoka nje akaniambia, «Kumbe uliweka alama, Baba Faruk.»

«Kila mtu ninamwekea.»

«Na mi nilipiga picha namba ya kadi siku ile, kabla sijalipa. Nilidhani utanibadilishia wakati wa kufunga mfuko.»

Tukaendelea kutembea. Kusema kweli, baada ya hapo nilianza kumsikiliza.

Akanieleza alichokuwa amekiweka. Bondi lazima ipewe njia ya kujua kama kebo iko hai. Yeye aliipa njia ya taa: mara kumi kwa sekunde Linux inatazama kama tundu lina mawasiliano na swichi, kile kifaa cha kugawa mtandao, iliyo upande wa pili wa kebo. Taa ikiwaka, inasema salama. Nikamuuliza, na ikiwa swichi yenyewe inawaka lakini haina pa kwenda? Akasimama katikati ya barabara hadi mwenye baiskeli akamtukana.

«We ukipita Buyenzi jioni ukaona taa dirishani, unajua mwenyewe yumo?» nikamuuliza.

«Apana. Napiga hodi.»

«Basi seva yako haipigi hodi.»

Hiyo haikuwa akili yangu, ni adabu ya mtaa tu. Kumbe Linux nayo inaijua adabu hiyo. Kuna njia nyingine ya kuchunguza: seva inaita anwani fulani kwenye mtandao, «ni nani mwenye anwani hii?», na inangoja ajibu. Asipojibu, inahesabu kwamba njia hii imekufa hata kama taa inawaka, inahamia ya pili. Njia hizi mbili huwezi kuziweka pamoja, uchague taa au hodi. Mchana ule Houda akafuta taa akaandika hodi. Akaweka milango miwili ya kubisha: mashine inayowatoa kwenda intaneti, na printa, zote ziko upande wa mapokezi. Alisema ukibisha mlango mmoja tu, na mwenyewe ameenda sokoni, utatangaza msiba mtaa mzima.

Jumatano, saa nne na kidogo, mapokezi yakapofuka tena.

Safari hii Dokta hakumpigia Houda simu, alinipigia mimi. Alisema anajua kwamba mimi na yule binti ni wa mtaa mmoja, na kwamba watu wa mtaa mmoja hula sahani moja. Nilimjibu kwamba mtu wa mtaa wangu ndiye wa kwanza ninayemhesabia chenji. Hata hivyo nililala na swali. Kama hodi imepigwa na bado seva haikuhama, basi kuna aliyeitikia. Ni nani?

Houda alilipata jibu kabla yangu, asubuhi ya Alhamisi, kwenye kurasa za maelezo alizokuwa amenakili kwa mkono. Seva ilikuwa inapiga hodi sawasawa, lakini ilikuwa inakubali sauti yoyote inayotoka nyuma ya mlango. Kwenye kabati la juu la mitambo, kwenye ile swichi ya kebo ya kwanza, palikuwa na mashine ya kamera za ulinzi, na mashine hiyo haikomi kupayuka mtandaoni. Seva inabisha, kamera inapayuka, seva inasema, ahaa, wamo. Kuna mstari mmoja wa kuongeza ili isikubali ila jibu la yule aliyeitwa. Aliuongeza akiwa gerejini kwa baba yake, kupitia simu, saa tatu na nusu.

Saa nne na dakika saba Linux iliandika: kebo ya kwanza imekufa, kebo ya pili imeshika. Hesabu ya kuanguka ikatoka sifuri ikawa moja. Kliniki hakuna aliyejua. Mapokezi waliendelea kusoma majibu kama kawaida.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaishia hapo. Nilimwambia asiishie hapo, maana barua ilisema anaharibu makusudi, na Dokta angesema sasa ameamua kuacha kuharibu, basi. Kupona hakumsafishi mtu, na sisi tulimtaka mwenye kosa. Halafu ile saa haikuniingia akilini. Mashine haichoki saa nne na dakika saba kila siku ya kazi. Hiyo ni saa ya mtu. Niliwapanga watu wote wa kliniki kichwani, nani anamchukia binti huyu, nani ana mpwa anayetaka kazi yake. Nilifika hadi kwa mlinzi.

Tukapanda basi bila kumwarifu mtu. Tulifika saa nne na dakika arobaini. Mlangoni nilimwambia Houda aniachie simu yake na asiguse kitu ila kompyuta yake, mikono iwe mahali ninapoiona. Aliniangalia vibaya, lakini akanipa.

Mama Spéciose alikuwa kwenye meza yake kwenye ukumbi. Ni mama mkarimu, anayemwita kila mtu mwanangu, na ndiye aliyechapa ile barua kwa mikono yake. Akatukaribisha. Akamwona Houda anatoa kompyuta mkobani, na wote pale walijua habari za betri ile.

«Ngoja, mwanangu, nikupishe umeme,» akasema.

Akainama pembeni ya kabati la mafaili, akachomoa birika la chai ya Dokta kwenye ralonji, ule waya wenye matundu matatu. Tundu la kwanza lilikuwa la kompyuta yake. Kwenye tundu la birika akarudishia plagi ndogo nyeusi iliyokuwa inaning'inia. La tatu, akaichomoa feni, akampa Houda.

Houda akafungua kompyuta, akaingia kwenye seva. Aliutazama mstari wa mwisho, kisha akautazama mkono wa mama Spéciose. Seva ilikuwa imeandika sasa hivi, dakika ile ile: kebo ya kwanza imerudi.

«Mama Spéciose,» akasema taratibu, «ile plagi nyeusi ni ya nini?»

«Sijui, mwanangu. Niliikuta. Kila siku naitoa nachemsha chai, nikifunga kazi au mgeni akija narudisha kila kitu mahali pake.»

«Naomba uchemshe tena.»

Akachemsha. Kebo ya kwanza ikafa. Akarudisha plagi, ikafufuka. Mara ya tatu nilimwita Dokta atoke aje kuangalia mwenyewe.

Tulisogeza kabati la mafaili. Nyuma yake, ukutani, fundi aliyetangulia alikuwa amepigilia kisanduku kidogo cha mtandao kinachokula umeme wa ile plagi nyeusi, njiani kati ya swichi ya juu na swichi ya mapokezi, na hakumchorea mtu ramani. Houda alipoirithi kazi aliona kebo inaingia darini juu na inatoka darini chini, akadhani ni moja. Hilo lilikuwa kosa lake na alilikiri. Mengine yote yalikuwa heshima ya mgeni. Kila alipoitwa, mama Spéciose aliondoa birika na feni kumpisha umeme, na umeme ukarudi kwenye kisanduku, na Dokta akaona muganga.

Dokta alisimama pale akishika kikombe kitupu. Akamwambia mama Spéciose chai ife kuanzia leo. Houda akasema chai isife, inunuliwe ralonji nyingine, na kisanduku kifungiwe ndani ya kabati la juu na ufunguo akae nao yeye. Dokta akakubali ralonji, akasitasita kwenye ufunguo, akakubali. Neno samahani sikulisikia, na nilikuwa karibu.

«Na ile barua?» akauliza Houda.

«Haitatumwa.»

«Mlichapa ngapi?»

Mama Spéciose akamtazama bosi wake, kisha akasema, tatu. Akatoa mbili mezani kwake. Ya tatu ilikuwa kwenye droo ya Dokta, naye akaenda kuileta mwenyewe. Houda akazihesabu, akasoma tarehe, akazikunja pamoja, akazitia kwenye daftari lake la mistari.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakuzichana.

«Nikizichana, ile iliyo ndani ya kompyuta anaichapa tena hata kesho,» akasema. «Na siku hiyo akisema ni kosa jipya, mi nitamwonyesha kosa la zamani lina tarehe ya lini.»

Nikamrudishia simu yake. Akaitazama kwanza kama kuna aliyepiga kutoka zile shule mbili, hakukuwa na kitu. Hilo halikumridhisha, maana maneno hutangulia barua. Kwenye kituo cha basi tuliagana, mimi nikarudi dukani, yeye akaelekea shule ya kwanza kuwauliza seva yao inaendaje, na kuona watamtazama kwa jicho gani.