Mwaka Dobi Alipoacha Kupiga Chuku

Mtaani walimwita Mzee Mvuke, na jina hilo lilimganda hata kabla hajawa mzee. Alikuwa dobi. Alianza na pasi ya mkaa, akahamia ya umeme, na miaka yote hiyo ukipita mlangoni kwake ulikuta mvuke unatoka, na ndani ya mvuke sauti ya mtu anamsimulia mteja jambo ambalo halikupata kutokea. Kwa chuku, yule bwana hakuwa na mpinzani. Angekuambia ameletewa suruali pana, pana kweli, hata alipoikunjua mezani akamkuta ndani yake dobi mwingine anauliza njia ya kutokea. Angekuambia amelitia wanga shati la karani mmoja likakaa wima hata likaenda kazini peke yake, na mwisho wa mwezi likapandishwa cheo.

Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Maneno yake machache, na akisema kitu basi ni hicho, huna haja ya kupunguza wala kuongeza. Watu wakiuliza walikutanaje, mumewe alidakia, "Alikuja kudai blauzi yake. Mpaka leo hajaipata, ndiyo maana hajaondoka."

Kila mwaka shule zikifungwa, familia ilikwenda baharini. Walipanga nyumba ile ile, ya vyumba vitatu na baraza moja ndefu, mabomba yanakohoa kabla ya kutoa maji, mchanga umeingia mpaka kwenye foronya. Watoto wao wawili, binti na mdogo wake wa kiume, walianza kwenda wakiwa wa kubebwa mgongoni. Wakakua. Binti akawa mwalimu wa chekechea, akaolewa na fundi rangi, wakapata watoto. Kijana akawa dereva wa malori ya masafa. Mwaka mzima kila mtu alikuwa na hamsini zake, simu zenyewe za kukimbizana, "Wazima?" "Wazima," basi. Kwa hiyo jioni ya kwanza baharini ilikuwa na utaratibu wake. Wote walikaa barazani, chai ikamiminwa, na kila mtu mzima akatoa habari zake za mwaka, kuanzia watoto, wazazi mwisho, bila kukatizwa.

Baba zamu yake ilikuwa ya kabla ya mwisho. Akianza, mbavu za watu hazikuwa na salama. Kisha, vicheko vikipungua, mama alijifuta machozi, maana naye alicheka sana, akauweka sawa mtandio wake begani, akasema, "Haya. Sasa ya kweli ni haya."

Ndivyo watoto walivyojua mambo ya nyumbani kwao. Ndivyo walivyojua kwamba baba aliugua mgongo mpaka akalala sakafuni wiki nzima, na kwamba wezi walivunja duka wakabeba nguo za watu. Mwaka uliopita mama aliposema ya kweli ni haya, lilikuwa jambo lake mwenyewe: uvimbe, na madaktari hawakuwa na matumaini. Alilisema kwa sauti ile ile ya kusema duka lilivunjwa. Hakuufikia mwaka uliofuata.

Basi shule zilipofungwa tena, watu walisitasita. Dereva alisema pengine wapumzike mwaka huu. Binti akasema, "Mama angetusema. Twende." Wakaenda.

Mzee Mvuke njia nzima alikuwa na maneno kifuani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilikuwa linafuata, na daktari alimwambia hivyo hivyo, kwamba hapo hakuna dawa ya kurudisha, labda ya kuchelewesha kidogo. Nyuso alikuwa anaziona kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni.

Na kazi ilikuwa imekwisha. Kazi yenyewe iliharibikia kwenye nyuzi. Tangu ujana wake, Mzee Mvuke hakuandika jina la mteja popote. Alishona uzi mmoja mdogo ndani ya kola au kiunoni, kila nyumba na rangi yake: mwalimu mkuu kijani, mwenye bucha nyekundu, familia ya mwenye gereji bluu ya kukolea. Rangi zikaanza kufanana machoni pake. Kijani ikawa bluu, bluu ikawa nyeusi, na nguo zikaanza kwenda kwa wasio wenyewe. Wateja walivumilia, kisha wakachoka, mmoja mmoja. Akazigawa pasi, akarudisha ufunguo wa duka, na mwanamke mmoja msusi akalipanga, akaweka vioo na viti vyake. Mzee akabakia na chumba cha nyuma, chumba ambamo hata chai ya kujipikia ilikuwa imeshamuunguza mara mbili.

Alichotaka kuwaambia watoto wake kilikuwa kifupi. Siwezi tena kukaa peke yangu. Mmoja wenu anichukue.

Jioni ikafika. Wakakaa barazani. Mkwe alimimina chai, na Mzee Mvuke alipojaribu kujiongezea akaimwaga nje ya kikombe.

"Baba, unamwagilia maua?" dereva akamtania.

"Nakimwagilia kikombe kikue. Mmenipa kidogo mno."

Wakacheka. Habari zikaanza. Dereva akasema barabara ni zile zile, mashimo tu yamehama. Alikuwa bado hajaoa, na mkwe akamwambia, "Shemeji, utaoa hilo lori?" naye akajibu, "Angalau hili likinuna najua pa kugonga." Mkwe akasema kazi ya rangi inakwenda. Binti akasema shuleni ni kelele, nyumbani ni kelele, anamshukuru Mungu. Ikawa zamu ya baba.

Akakohoa. Akajikaza kisabuni, kama wanavyosema.

"Mwaka huu," akasema, "mwalimu mkuu alisimama mbele ya wanafunzi na suruali ya mwenye bucha."

Barazani wakaangua kicheko. Akajaribu njia nyingine.

"Msinicheke. Nawaambia ukweli. Niliwavalisha mtaa mzima nguo za wenzao. Kijana wa mwenye gereji kaenda kuposa na shati la mtu mwembamba, akavuta pumzi, vifungo vikamfikia mama mkwe kabla ya salamu."

Hili nalo lilikuwa la kweli, au karibu na kweli; kifungo kilichoruka kilikuwa kimoja. Lakini ulimi wake kwa miaka yote ulikuwa umezoea njia moja tu ya kupeleka habari, na sasa kila alichokuwa nacho kilipitia hapo hapo, kikatokea upande wa pili kimevaa kichekesho. Mkwe alikuwa amelalia meza. Dereva anajipiga paja.

"Na hili jicho la kushoto," akaendelea, na sauti sasa ilikuwa chini, "limestaafu."

"Limelipwa mafao?" mkwe akauliza, akikata pumzi kwa kicheko.

"Bado. Na la kulia limeshaandika barua ya kuacha kazi."

"Baba jamani, utatuua," binti akasema, akijifuta macho.

"Nimefunga duka," akasema. "Sasa hivi mle ndani wanasuka nywele."

"Na wewe ndiwe unashika kitana?" dereva akasema, na kicheko kikaanza upya.

Kikaisha chenyewe, polepole. Pakawa kimya. Kilikuwa kimya kile walichokizoea wote, cha kumsubiri mtu auweke sawa mtandio wake. Mzee Mvuke alikisikia, akajua sasa mmoja wao atauliza. Hata kwa utani. Aseme tu, Baba, na ya kweli ni yapi? Alisubiri, uso ameuelekeza kwa binti, au mahali alipodhani binti yupo.

Binti akasimama ghafla, akaanza kukusanya vikombe. Alikuwa analia, lakini Mzee hakuyaona machozi. Alisikia tu vikombe vikigongana, na hatua zikienda jikoni, na dereva akisema kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza jambo, "Haya, watoto wakalale."

Asubuhi walishuka wote ufukweni. Wajukuu wakaingia majini, mkwe na dereva wakiwafukuza, na kelele zao zilikuja na kuondoka kwa upepo. Mzee Mvuke alikaa mchangani, suruali ameikunja hadi magotini, mikunjo miwili iliyolingana, maana mikono bado ilijua kazi yake. Binti akaja akaketi ubavuni pake.

"Ulilala, Baba?"

"Nililala. Mchanga ndio haukulala. Ulikuwa unanigeuza."

Hakucheka. Wakakaa. Mzee akakusanya maneno yake upya. Asubuhi ile aliyaona yanakaa vizuri zaidi, hakuna watu, hakuna chai. Akafungua mdomo. Binti akamtangulia.

"Baba, jana nilisema kelele tu. Sikusema yote."

"Sema, mama."

Akasema. Mama wa mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, na sasa kitanda chake kiko sebuleni. Kila alfajiri binti humgeuza, humsafisha, humlisha, ndipo aende akawashike watoto wa watu shuleni. Watoto wake mwenyewe wanalala jikoni. Mume ni mtu mwema, lakini hurudi amechoka, na mama ni mama yake, huwezi kumlalamikia. Kuna siku hujifungia chooni shuleni alie kidogo, anawe uso, arudi darasani kuimba na watoto.

"Mama ningemwambia," akasema. "Angenijibu neno moja tu, nikaendelea. Sasa sina wa kumwambia. Baba, ninavyokuambia hivi, mtu mwingine mmoja akiniegemea, naanguka."

Mzee Mvuke akautafuta mkono wake mchangani. Aliukosa mara ya kwanza, akashika kiatu, kisha akaupata. Ulikuwa mkavu, una sugu mpya. Akaupapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa kitambaa kujua kinataka moto kiasi gani.

"Umechoka, mwanangu," akasema.

Ndilo neno pekee alilokuwa nalo ambalo halikuwa mzaha. Binti akamlalia begani. Maneno aliyokuja nayo akayameza. Akamfikiria dereva, lakini dereva alikuwa analala ndani ya lori lake, begi lake la nguo limening'inia nyuma ya kiti. Utamlaza wapi mzee kipofu? Kwenye breki?

Siku zilizobaki alizitumia kutazama. Aliwaita wajukuu waje karibu, karibu zaidi, akisema anawakagua kama wamenyooka. Akawashika mashavu, akawapindua kuelekea kwenye mwanga. Wao waliona ni mchezo, wakapanga foleni, wengine wakarudia. Akamtazama binti akianika taulo. Akamtazama dereva akila mkate na meno yote nje, meno ya mama yake. Bahari hakuishughulikia sana.

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa imeshapakiwa, kila mmoja akielekea kwake, binti alimvuta kando, nyuma ya nyumba penye kamba za kuanikia nguo.

"Baba. Lile la jicho."

"Lipi?"

"Ulisema limestaafu. Na duka. Sikulala ile siku. Nasikia kama sauti ya Mama inaniambia niulize. Ni kweli?"

Swali lilikuwa limekuja. Lilikuja likiwa zima, kwa sauti ya taratibu, kutoka kwa mtu yule yule aliyetaka lije kutoka kwake. Na kwenye mkono wa yule mtu, uliokuwa bado umemshika, aliisikia ile sugu mpya.

"Wewe nawe," akasema. "Unamjua baba yako leo? Jicho listaafu halafu mimi nile wapi?"

"Na duka?"

"Duka lipo. Nikifika tu nina mapazia ya hoteli nzima."

Binti akacheka. Hakikuwa kicheko cha barazani. Kilimtoka kama mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka mbali, akaambiwa ya tatu si yake. Akamkumbatia, akamwambia, "Baba, siku moja chuku zako zitaniua," akaenda kuwahi gari. Mzee Mvuke akabaki amezishika kamba za nguo, mpaka dereva alipokuja kumuuliza kama anataka kuanikwa.

Sasa hivi hukaa dukani kwa msusi mchana kutwa, kwenye kibao karibu na mlango, kwa sababu chumba cha nyuma hakina mtu wa kuongea naye. Msusi ni mwanamke mkali wa maneno na mwepesi wa mikono. Ndiye anayembonyezea simu, maana namba hazioni tena, na ndiye anayemwekea chai mahali pale pale ili aifikie. Jumapili binti hupiga. Mzee huweka simu sikioni, akaeleza wiki yake: gauni la bibi harusi lililotaka kuolewa upya, koti la hakimu lililomhukumu dobi. Msusi huzima mashine ya kukaushia nywele ili kelele zisimchongee. Wateja hukaa na vichwa vyao nusu, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimesimama, wakisikiliza.

Siku moja msusi alishindwa. "Mzee, mimi nitamwambia. Haki ya Mungu nitamwambia."

"Umwambie nini?"

"Ya kweli."

Mzee Mvuke akakipapasa kikombe chake cha chai. Kisha akasema kwa upole, "Huyo mwenye kazi hiyo alishafariki, mwanangu. Usimchukulie nafasi yake."

Msusi akarudi kwenye kichwa alichokuwa akikisuka, akavuta nywele kwa nguvu mno, mteja akalalamika. Jumapili iliyofuata simu ikaita. Msusi akazima mashine, akaitazama simu, akampelekea mkononi. Mzee akaifunika kwa kiganja kabla ya kuipokea.

"Leo ninyooshe nini?" akamnong'oneza. "Mambo yameniishia."

Yule mwanamke akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, kitana bado amekishika. Akafikiri.

"Nyoosha hema," akasema. "Hema la sarakasi."

"Hilo zuri," akasema Mzee Mvuke, akaipokea simu, akaanza kucheka kabla hata ya kusalimia.