Pambano Letu la Namba Nne

Watu laki tatu wamemwangalia shemeji yangu akivunjika shingo, na karibu wote wamempongeza.

Mimi ndiye ninayemsomea pongezi hizo. Kila Jumapili mchana, tukishamaliza kula, yeye akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu na mimi kwenye kochi.

Msianze kunitukana. Sababu za kunitukana nitawapa mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Zamani nilikuwa mwanamieleka. Sio ile mieleka ya mashindano ya kweli. Ile ya maonyesho, ya bukta za kung'aa na majina ya kutisha, ambayo mshindi anajulikana kabla hata viti havijapangwa.

Ulingoni niliitwa Kufuli. Shemeji, mume wa dada yangu, aliitwa Mpira, kwa sababu ukimtupa chini anadunda anarudi.

Watu hudhani staa ni yule anayetupa. Uongo mtupu. Anayetupa anahitaji mgongo tu. Anayeanguka ndiye anayewafanya watazamaji wakunje sura na kushika vichwa. Mpira alikuwa anaanguka vizuri mpaka na wewe uliyemtupa unamwonea huruma, halafu anakukonyeza akiwa kule chini.

Nilimchukia kwa hilo. Naliweka wazi mapema msije mkasema nimeficha.

Sasa, miezi mitatu iliyopita, ukurasa mmoja wa wapenda mieleka mtandaoni ulitoa orodha ya mapambano kumi yaliyodharauliwa, ambayo yalistahili heshima kuliko yaliyopata. Letu lilikuwa namba nne.

Namba nne, jamani. Namba moja waliweka majitu mawili yaliyosukumana matumbo kwa nusu saa, kama watu wanaogombea mlango wa choo.

Nilikasirika kwanza, ndipo nikashtuka. Ndivyo nilivyo.

Nilishtuka kwa sababu pambano hilo lilifanyika miaka kumi na mbili iliyopita, ndani ya ghala la magunia, mchana, mbele ya watu wasiozidi sabini. Kamera ilikuwa moja tu, ya mpiga picha za harusi aliyekuja kujaribu bahati. Kaseti yake nilidhani ilishaliwa na panya.

Na komenti zilikuwa zinamiminika.

"Huyu jamaa anajua kuigiza maumivu. Cheki mikono inavyoning'inia."

"Miguu haina uhai kabisa. Huyu ni msanii, sio mpiganaji."

"Apewe heshima yake angali hai."

Kuhusu mimi kulikuwa na moja tu. "Yule wa bukta ya kijani naye si mbaya kwa kubeba mizigo."

Shemeji alizipenda sana. Katika mwili wake wote kinachofanya kazi, ukiacha kichwa, ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Simu yake huwa imewekwa pajani, chini ya kidole hicho. Kusoma anaweza, lakini alisema macho yanamchoka.

"Nisomee wewe, shemeji," alisema. "Tena sauti yako ndiyo inayofaa."

Nikawa nasoma, kwenye simu yangu. Dada yuko pale pale sebuleni kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, na kila baada ya komenti tatu au nne hukata uzi kwa meno na kusema maneno yale yale.

"Sifa hizo. Sifa ndizo zilizomkalisha hapo."

Miaka kumi na mbili anamwambia hivyo. Akimlisha anamwambia. Akimgeuza upande mwingine kitandani anamwambia. Shemeji hamjibu.

Kabla sijaondoka, kazi yangu ya mwisho ni kumnyanyua kutoka kwenye kiti na kumrudisha kitandani, maana mgongo wa dada hauwezi. Na kila mara, kabla sijamnyanyua, shemeji husema, "Polepole, Kufuli. Leo hakuna mkanda."

Tunacheka wote watatu.

Sasa niwaambie kuhusu mkanda.

Katika kazi yetu kuna jambo ambalo mtazamaji halioni. Mwenzako akianguka vibaya, unamshika mkono kwa kificho, unauminya. Hilo ni swali: uko salama? Akikuminya, mnaendelea. Asipokuminya, unamwambia refa, refa anainua mikono yake juu na kuipishanisha, na pambano linaishia hapo hapo. Hakuna mjadala. Hata yule anayepanda ulingoni akiwa amelewa anaijua sheria hiyo.

Siku ile nilikuwa nimepangiwa kushinda mkanda wa ubingwa. Wa kwanza wangu, baada ya miaka tisa ya kulazwa chali na kila aliyepita. Na kwenye safu ya tatu alikaa wakala wa kampuni kubwa ya mieleka, ana daftari, amekuja kuchagua mtu mmoja wa kuondoka naye.

Dakika ya kumi na nne nilimbeba Mpira mabegani nikamwangusha. Mguu wake uliteleza kwenye jasho langu, akageuka hewani, akatua kwa shingo. Hilo halikuwa kosa la mtu, na nitalisema mbele ya yeyote.

Kilichofuata ndicho changu.

Nililala juu yake kama ninayemkaba. Nikautafuta mkono wake wa kulia, nikauminya.

Kimya.

Nikaminya tena. Kimya.

Mara ya tatu niliminya mpaka kucha zikaingia. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama karibu kabisa, na mkono ulikuwa mzito kama nyama ya buchani.

Refa akainama. "Vipi, yuko poa?"

"Yuko poa," nikasema. "Kaniminya."

Watu walishaanza kuzomea. "We amka, umelipwa kulala?" mmoja akapayuka, ghala zima likacheka. Kizibo cha soda kikanipiga begani.

Nikamnyanyua.

Kichwa chake kilikwenda kilikotaka chenyewe. Mikono ikaning'inia. Nikampandisha juu, nikamwangusha mara ya pili kama tulivyopanga, nikapanda kamba, nikamrukia. Refa akapiga sakafu, moja, mbili, tatu. Mkanda ukawa wangu.

Mkanda wenyewe ulikuwa kadibodi iliyobandikwa karatasi ya dhahabu.

Wakala alinifuata nyuma ya pazia hata viatu sijavua. "Hongera," alisema, anachungulia nyuma yangu. "Mwenzako yuko wapi? Yule anayeanguka ndiye niliyemfuata."

Hospitalini daktari alizungumza taratibu, kama anayewasomea watoto. Mfupa ulipasuka kwenye anguko la kwanza. "Angeachwa amelala pale pale," alisema, "huenda leo tungekuwa tunaongea mengine. Kilichomharibu ni kunyanyuliwa."

Dada akanigeukia. "Hukumuuliza? Si mna alama zenu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Niliona kabisa mlango uko wazi.

"Nilimuuliza," nikajibu. "Akaniminya mkono. Alisema yuko sawa."

Shemeji alikuwa kitandani na bomba mdomoni. Dada akamwinamia mumewe, machozi yanamdondokea yule mgonjwa usoni, akamwambia, "Kwa hiyo ulijua umeumia, ukajikaza. Ili tu wakupigie makofi."

Yeye akawa ananitazama mimi.

Wiki tatu baadaye bomba lilipotolewa nilikaa pembeni ya wodi nikisubiri aseme. Aliomba maji. Kisha akauliza kama mvua imenyesha. Daktari alisema wapo wanaosahau kila kitu kilichotokea siku ya ajali, na mimi nikaamua kwamba yeye ni mmoja wao. Nilishukuru. Nilitoka nje nikashukuru kwamba kichwa cha mume wa dada yangu kimeharibika.

Mieleka niliiacha. Siku hizi nabeba makochi na makabati kwenye duka la samani, ngazi hadi ngazi. Yule wa komenti alinijua.

Basi, Jumapili iliyopita nasoma kama kawaida. Cherehani inakwenda. Nikafika kwenye komenti moja ndefu kidogo, ya mtu anayejiita Gumba.

"Dakika ya kumi na nne na sekunde ishirini. Acheni kumwangalia aliyelala. Angalieni mkono wa yule wa kijani. Anauliza mara tatu na hajibiwi. Anajua. Halafu angalieni anachofanya."

Niliisoma kimoyomoyo. Nikapandisha kidole, nikasoma iliyofuata kwa sauti, ya mtu aliyeweka makofi matupu na neno "hatari".

"Umeruka moja," shemeji akasema.

"Ipi?"

"Hapo katikati. Ndefu kidogo."

Cherehani ikanyamaza.

"Msomee basi," dada akasema. "Komenti nayo unamnyima?"

"Anasema... anasema hajawahi kuona mtu anayejua kuanguka kama wewe."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mtu mzuri," shemeji akasema. "Mjibu. Mwambie asante."

Dada alikuwa ananitazama juu ya miwani. Ningefanyaje? Nikaandika "asante", nikatuma.

Simu iliyokuwa pajani kwa shemeji ikalia ting.

Hakuitazama. Alinitazama mimi, na kidole gumba chake kikapanda juu ya kioo kikaizima.

Dada akainuka kwenda kuweka chai jikoni, anaguna kuhusu sifa. Tukabaki wawili.

"Tangu lini unakumbuka?" nikamuuliza.

"Sijawahi kusahau."

"Kaseti umeipata wapi?"

"Mpiga picha aliileta mwaka ule ule. Ilikuwa chini ya godoro langu. Wewe ndiye uliyekuwa unaninyanyua juu yake. Mwaka huu nikamwita aje aiweke mtandaoni." Alipumzika, maana sentensi ndefu zinamchosha. "Nilikuwa nakuhisi, unajua? Mara zote tatu. Mkono ndio uliogoma. Ya tatu ulipominya kwa nguvu, nikasema moyoni, sawa, sasa anamwita refa. Nikatulia kabisa. Nilikuamini."

Nilitaka kulia, lakini nikaona hata kulia ni kumwibia.

"Kwa nini hukumwambia dada?"

"Angekufukuza. Nani angeninyanyua?"

"Lakini anakusema kila siku. Miaka yote hii."

"Anakusema wewe," shemeji akasema. "Ila mimi ndiye ninayesikia."

Vikombe vikagongana huko jikoni. Nikashuka kwenye kochi, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mtu mzima wa miaka arobaini na sita.

"Nitamwambia. Leo hii. Akirudi na chai namwambia."

"Hapana."

"Nini tena?"

"Ukimwambia utapumua," akasema. "Atakutukana, utalia, mwaka ujao mtapatana, wewe ni damu yake. Mimi nitabaki hapa. Sitaki useme. Nataka uwe unasoma. Kila Jumapili nitaandika moja, na wewe utairuka mbele yake, na mimi nitakuwa nakuangalia unavyoiruka."

"Na nikikataa kuja?"

Alitabasamu, tabasamu la zamani, la mtu anayekukonyeza akiwa chini. "Mwambie dada yako sababu."

Dada akaingia na chai. "Mbona umepiga magoti? Unamwomba saini?"

"Ananirekebishia mguu," shemeji akasema.

Tukanywa chai. Ilipofika saa yake ya kulala nilikisogeza kiti karibu na kitanda. Nikapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti. Nikasubiri aseme ule utani wa mkanda. Hakusema.

Sijui kilichonituma. Nikaushika mkono wake wa kulia, kwa kificho, chini ya blanketi, dada asione. Nikauminya.

Kidole gumba chake kinaweza kuminya. Kina nguvu, kinaandika insha.

Kimya.

Nikaminya tena. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama karibu kabisa.

Nikaminya mara ya tatu.

"Mnyanyue basi, unangoja nini?" dada akasema.

Nikamnyanyua.

Mnaopenda mieleka, katafuteni pambano letu. Ni zuri kuliko namba waliyolipatia, na yule jamaa anastahili kila sifa mnayompa. Ila jifunzeni kuangalia. Mtu akiwa chini macho yenu yote huenda kwake, na aliyemshika anafanya anachotaka. Mwangalieni aliyemshika. Hata majumbani mwenu, yule anayesifiwa kwa kumbeba mgonjwa, mwangalieni mikono.

Dada haingii humu mtandaoni, ndiyo maana nimeweza kuandika. Shemeji anaingia. Atakuwa ameshaisoma hii kabla yenu.

Na Jumapili atasema macho yanamchoka, atataka nimsomee hii, cherehani ikiwa inakwenda. Sijui nitaanza kuruka wapi.