Mapigo ya Shimo Namba Nne

Eduviges Zertuche alikuwa fundi wa redio na televisheni kabla kampuni ya makaa ya mawe haijamwajiri kutunza vyombo vyake vya kusikilizia ardhi. Sisi majirani tulimwita Duvi. Alikuwa mwanamke mkavu, mvuta sigara, hapendi mtu amsimamie mgongoni akiwa kazini. Hakuolewa. Akiulizwa, hujibu, "Nani atamvumilia mtu anayezungumza na nyaya?"

Machi ile maji yalibomoa ukuta wa shimo namba nne, na wanaume watano walikuwa chini. Mmoja alikuwa Fermín, mume wa Nieves, mwanamke aliyepakana na Duvi ukuta kwa ukuta na kumpelekea tortilla, zile chapati nyembamba za ngano, na maharage kila Jumapili.

Duvi alishusha vinasa mtikisiko kwenye tundu jembamba lililotobolewa mpaka chini, akakaa chini ya turubai na kompyuta yake. Kilichopanda kilikuwa fujo tupu: pampu sita, malori, jenereta, vilio vya watu. Akaanza kuchuja. Akaondoa mngurumo wa pampu, akaondoa wa jenereta, akabana kichujio mpaka ukabaki uzi mwembamba wa sauti. Siku ya pili, saa nane mchana, yakatokea mapigo kwenye uzi ule. Matatu, kimya. Matatu, kimya.

"Mhandisi, njoo uone."

Berlanga, mhandisi aliyesimamia uokoaji, akainama kwenye skrini. "Hiyo si pampu?"

"Pampu nimeshaitoa. Isitoshe, tangu lini pampu ikajua kuhesabu?"

"Una hakika, Duvi?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Nieves alikuwa nyuma ya kamba iliyowazuia ndugu, hatua kumi tu. Alisikia. Akapiga ukelele, wake wengine wakaupokea, na kabla ya jua kuzama mji mzima ulijua kwamba wanaume wako hai. Mashine ya kuchimba ilitolewa upande wa mashariki, ikaletwa yalikotokea mapigo. Wakachimba siku tatu. Nieves alifua shati la Fermín la kanisani, akalipiga pasi, akaja nalo.

Siku ya tano Berlanga akaamuru pampu zote zizimwe dakika kumi, wawagongee wale wa chini bomba na kusubiri jibu. Kukawa kimya hata ukasikia rozari zikisuguana vidoleni. Wakagonga. Mstari kwenye skrini ulilala tuli. Wakagonga tena. Hakuna kitu.

Pampu zikawashwa. Mapigo yakarudi: matatu, kimya.

Duvi akalegeza kichujio taratibu, na yale matatu yakawa moja. Pampu mojawapo ilikuwa na mguu uliolegea, ukigonga bomba kila baada ya muda. Alikuwa amebana kichujio mno, kila kishindo kikawa kinavuma ndani yake kama kengele. Kishindo kimoja kikatoka vitatu.

"Mhandisi, si wao," akasema. "Nimeyatengeneza mwenyewe."

Berlanga akavua kofia. "Nitawaambia mimi."

"Hapana. Mdomo uliosema ni wangu."

Akaenda mpaka kwenye kamba. "Nieves, dada yangu, yale mapigo..."

"Wamechoka tu," Nieves akamkatiza. "Wamelala. Sikiliza tena."

"Hawakuwa wao. Hata siku moja."

"Ulisema una hakika kama jina lako!"

"Nilisema."

"Haya, jina lako nani?"

Nieves akamtemea mate miguuni, akageuka, shati likiwa limekunjwa kifuani.

Miili ilipatikana siku ya kumi na tisa, upande wa mashariki, pale ilipotolewa mashine. Daktari alisema walikufa maji nusu saa ya kwanza. Zile siku tatu hazikumuua yeyote. Berlanga aliliandika hilo kwenye barua, akaja kumsomea Nieves mlangoni.

"Kamsomee Fermín," Nieves akasema, akafunga mlango.

Siku ya mazishi nilimkuta Duvi nje ya lango la makaburi, amevaa nyeusi. Nikamwambia, "Ingia, jirani, jua kali."

"Niache hapa. Leo nisiwaonyeshe sura yangu."

Mwezi uliofuata Nieves alihamia mji wa Monclova kwa dada yake. Lori lilipokuwa linapakiwa, Duvi alitoka, akasimama kizingitini. Nieves alipita mbele yake na godoro kichwani, wala hakugeuza shingo.