Maji Yasiyopulizwa

Machi 1999 nilimzika mke wangu, Habiba, hapa Garissa. Wiki iliyofuata nikaanza kazi ya maabara. Awali nilikuwa mchanjaji wa mifugo Hadado, na ningeweza kurudi huko, lakini sikutaka kuliacha kaburi lake. Nilihitaji pia mahali ambapo mtu angeniambia neno kabla jua halijazama.

Siku ya kwanza Mkuu wa Maabara, daktari wa mifugo kutoka Nairobi, alinikabidhi glavu na barakoa, akanieleza kazi. Ndani ya kila seli kuna jeni, yaani maagizo ya kutengeneza kitu fulani. RNA tuliyoletewa, kemikali ya aina ile ile inayobeba maagizo hayo, ilikuwa kipande kidogo cha kunyamazisha agizo moja. Ikienda peke yake huharibika kabla ya kuingia ndani ya seli. Kwa hiyo tuliifungasha kwa kitosani, unga unaotokana na maganda ya kamba wa baharini. Tuliuyeyusha katika maji yenye ukali kidogo kama wa siki, tukachanganya na RNA, vikashikana vyenyewe kuwa vipunje visivyoonekana kwa macho.

Seli zetu, za mbuzi, zilikuwa zimewekewa jeni inayozifanya zing'ae kijani chini ya hadubini. Zikizimika, tungejua RNA imefika ndani na kuinyamazisha jeni hiyo, na siku moja njia hiyo ingeweza kutibu mifugo.

Kazi yangu ilikuwa maji. RNA huliwa na kimeng'enya kilichomo katika jasho na mate, na maji ukiyachemsha bado hakifi. Niliyatia dawa maalumu, kisha nikayafunga kwenye chupa.

"Mzee Yusuf," Mkuu aliniambia, "usipumulie kitu humu. Hata ukishusha pumzi ya huzuni, ishushe ndani ya barakoa."

Tulijaribu mara tatu, na seli zikaendelea kung'aa. Ikabaki RNA ya jaribio moja. Wakubwa wa Nairobi wakasema likishindikana, maabara ifungwe. Wenzangu walikuwa na kwao pa kurudi. Mimi ningerudi kwenye nyumba ambamo kikombe cha Habiba kilikuwa bado juu ya rafu.

Asubuhi moja, nikitoka kuswali alfajiri, nilipitia kazini nikakuta mlango uko wazi. Adan, mlinzi wetu, alikuwa amefungua chupa ya maji, anasoma Fatiha na kupuliza ndani, kama tunavyomsomea mgonjwa maji. Nikamuuliza ameanza lini.

"Tangu uanze kazi," alisema. "Nakuona unavyokaa peke yako, walaal, ndugu yangu. Nikaona nikusomee kazi yako, usije ukapoteza na hii."

Nikamweleza habari ya mate. Akafunga chupa polepole, akauliza kama dua yake ndiyo iliyoharibu. Nikamwambia si dua, ni mate. Niliona jibu hilo halikumtosha.

Nilimweleza Mkuu yote, nikihofu kwamba Adan atafukuzwa.

"Mwambie aendelee kusoma," akasema. "Ila asomee nje, mlango ukiwa umefungwa."

Nikatayarisha maji mengine. Tulipokuwa tukichanganya, nilimsikia Adan akisoma upande wa pili wa mlango. Baada ya siku chache Mkuu aliinamia hadubini kwa muda mrefu, kisha akanipisha. Seli nyingi zilikuwa zimezimika. Tukamwita Adan naye atazame.

"Sioni kitu," akasema.

"Hicho ndicho tulichokuwa tunatafuta," Mkuu akamwambia.

"Kazi gani hii, mtu anafurahi akikosa kuona?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Tuliongezewa muda, lakini si mwingi. Hatukufikia kujaribu kwa mbuzi mzima. Nyinyi vijana wa maabara za leo mna mashine ambazo sisi hatukuziota, na mkiniuliza kama kazi yetu iliponya mnyama yeyote, nitasema sijui. Ninachojua ni kwamba kwa miezi ile nilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Siku maabara ilipofungwa ndiyo siku niliyostaafu. Mkuu alikuwa ameshaondoka. Nilitia kufuli, Adan akiwa amesimama nyuma yangu.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Akasoma Fatiha, akalitaja jina la Habiba, akapuliza hewani. Kisha tukaenda kunywa chai.